Dharura Huondoa Dhambi, Haiondoi Haki
Somo la fiqhi: dhamana ya mhudumu wa afya anapozembea wakati wa maradhi ya mlipuko



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, somo letu la toleo hili limetokana na swali la bibi yangu.

Juni 2021, wimbi la pili la Korona lilipotupiga Uganda, nilikuwa nyumbani Majanji, wilaya ya Busia, shule zikiwa zimefungwa tena. Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi wa mukene pale mwaloni. Alishikwa na homa na kifua kwa siku nne. Siku ya tano akawa anahema kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Kaka zangu wawili walimpakia kwenye boda boda, mmoja akamshikilia kwa nyuma, wakampeleka kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja. Walimkuta muuguzi mmoja, yuko peke yake. Alizungumza nao kupitia dirishani, akauliza maswali mawili matatu, akawapa vidonge vya malaria na kuwaambia wampeleke hospitali kubwa. Gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, na saa ya kutotoka nje ilikuwa imekaribia. Wakarudi naye nyumbani. Alfajiri akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Matangani watu walisema ajali yake imefika. Bibi hakubisha. Aliuliza jambo moja tu: "Sawa, ajali imefika. Lakini mbona hata hakumgusa?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa kijana, sikuwa na la kusema. Leo nasoma masomo ya Kiislamu mwaka wa tatu, na nimeona nijaribu kulijibu swali lile kwa elimu ndogo niliyoipata. Penye kosa, wanazuoni wetu wanirekebishe.

Majibu mawili ya haraka

Swali kama la bibi huwa linajibiwa kwa haraka kwa njia mbili, na zote zina kasoro.

Jibu la kwanza ni kusema: hii ni qadar ya Allah, msiulize. Ni kweli kwamba kila nafsi ina muda wake. Lakini qadar haikutolewa iwe pazia la kufichia uzembe. Kumbuka tauni ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh na kupata habari za tauni, aliwataka sahaba ushauri kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) alimuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah, naye akamfahamisha kwamba wanatoka kwenye qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Kuchukua tahadhari ni sehemu ya qadar, na kuuliza nani aliacha tahadhari ni sehemu ya sharia. Anayeua kwa makosa naye ameua mtu ambaye ajali yake imefika, na bado Qur'ani, Sura An-Nisaa aya ya 92, imemwekea kafara na dia. Kama ajali ingefuta dhamana, aya hiyo isingekuwa na kazi.

Jibu la pili ni la hasira: muuguzi yule ni muuaji, ashitakiwe. Jibu hili linamwona mtu wa mwisho tu, yule aliyesimama dirishani. Halimwoni aliyemwacha peke yake pale bila vifaa. Halipimi kati ya aliyekosea, aliyezembea, na aliyezidiwa na hali.

Fiqhi inatupa jibu la tatu, lenye mizani. Kabla ya kuingia, tukubaliane maana ya neno. Mitaani, dhamana ni kumtoa mtu korokoroni. Katika fiqhi, dhamana ni wajibu wa kufidia madhara uliyoyasababisha. Si sawa na dhambi. Mtu anaweza kuwa hana dhambi mbele ya Allah na bado anadaiwa fidia na mwanadamu mwenzake. Shika tofauti hiyo, ndugu yangu, kwa sababu somo zima linasimama juu yake.

Asili ya hukumu: hali tano za tabibu

Msingi wa mlango huu ni hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah, kutoka kwa Amr bin Shu'ayb, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake. Maana yake ni kwamba mtu anayejitia utabibu, hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, huyo anadhamini.

Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) aliifafanua hadithi hii katika Zad al-Ma'ad, akazigawa hali za tabibu mara tano. Nazieleza kwa maneno yangu.

Hali ya kwanza: tabibu ana ujuzi, ameruhusiwa kutibu, ameipa kazi haki yake, wala mkono wake haukuvuka mpaka. Ikiwa mgonjwa atafariki au atapoteza kiungo, tabibu hadaiwi kitu. Alifanya alichoruhusiwa, kwa namna iliyoruhusiwa.

Hali ya pili: asiye na ujuzi aliyejifanya mjuzi, na mgonjwa akamwamini. Huyo anadhamini. Ikiwa mgonjwa alijua kwamba mtu huyu hana ujuzi na akamruhusu hata hivyo, hukumu inabadilika.

Hali ya tatu: tabibu mjuzi ambaye mkono wake uliteleza, kama ngariba anayekata zaidi ya panapostahili. Hakukusudia, lakini amedhuru. Anadhamini kwa hukumu ya kosa lisilokusudiwa, na malipo yakifika thuluthi ya dia yanabebwa na aqila, yaani jamaa zake wa upande wa baba.

Hali ya nne: tabibu mjuzi aliyejitahidi kufikiri, akaandika dawa, akakosea, mgonjwa akafa. Hapa zipo kauli mbili zinazorudi kwa Imam Ahmad: dia itoke hazina ya umma, au ibebwe na aqila.

Hali ya tano: tabibu mjuzi aliyetibu bila idhini ya mgonjwa wala walii wake, yakatokea madhara. Wengi wanasema anadhamini. Ibn al-Qayyim mwenyewe anafungua mlango wa kusema hadhamini, kwa kuwa alikusudia wema, na Sura At-Tawba aya ya 91 inawaondolea lawama watenda wema.

Zitazame tena hali hizi tano. Mjuzi mwaminifu hakuachwa alipe mwenyewe kwa kila kosa la kibinadamu, na mzigo wake umegawanywa kwa jamaa au kwa hazina ya umma. Lakini aliyedhurika naye hakuambiwa aende zake mikono mitupu. Wanazuoni walibishana zaidi juu ya nani alipe kuliko juu ya kama haki ipo.

Je, kuacha kutenda kuna dhamana?

Mfano wa baba mdogo una ugumu wake. Muuguzi hakumkata vibaya wala hakumpa sumu. Kosa, kama lipo, ni kuacha. Je, anayeacha anadhamini?

Wanazuoni wamehitilafiana. Wengi wanaona kwamba anayeacha kumwokoa mtu akiwa na uwezo ana dhambi, lakini dia haimlazimu, kwa sababu hakutenda. Wamaliki wamekwenda mbali zaidi. Katika Mukhtasar ya Khalil bin Is-haq imetajwa dhamana ya anayemnyima majeruhi uzi wa kushonea jeraha la tumbo, na ya anayemnyima mwenye njaa au kiu chakula na maji yaliyomzidi yeye, mpaka akafa.

Ndugu msomaji, fikiri juu ya uzi ule. Mwaka 2021 uzi wa watu wetu ulikuwa mtungi wa oksijeni, barakoa, jozi ya glavu, na lita chache za mafuta ya gari la wagonjwa.

Nionavyo mimi mwanafunzi, muuguzi aliye zamu hawi sawa na mpita njia. Mpita njia hana mkataba na mgonjwa. Muuguzi ameajiriwa, anapokea mshahara kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, na watu wameacha kwenda kwingine kwa kumtegemea yeye. Kuacha kwake kazi aliyoahidi kuifanya kuko karibu zaidi na kutenda. Na hivyo ndivyo mahakama zetu zinavyoona, kama tutakavyosoma mbele.

Dharura inabadili nini?

Sasa tuingize janga. Wanazuoni wa dola ya Uthmaniya walioandika Majalla, kati ya 1869 na 1876, walikusanya kanuni za fiqhi mwanzoni mwa kitabu chao. Nne zinatuhusu hapa.

Ya kwanza (kifungu cha 17): uzito wa jambo huleta wepesi wa hukumu. Ya pili (kifungu cha 21): dharura huruhusu yaliyokatazwa. Ya tatu (kifungu cha 22): ruhusa hiyo hupimwa kwa kadiri ya dharura yenyewe, isizidi. Ya nne (kifungu cha 33), na ndiyo roho ya somo hili: kulazimika hakubatilishi haki ya mwingine. Mfano unaotajwa sana ni wa mtu aliyezidiwa na njaa akala chakula cha mwenzake. Hana dhambi, na kula huko ni wajibu ili aokoe nafsi yake. Lakini njaa ikiisha, atalipa thamani ya chakula kile.

Tukizipeleka kanuni hizi hospitalini wakati wa mlipuko, tunapata mambo yanayobadilika na yasiyobadilika.

Kinachobadilika ni kipimo. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 40 hapimwi kama aliye na wagonjwa 4. Daktari aliyeandika dawa mwezi Aprili 2020, ugonjwa ukiwa mgeni kwa dunia nzima, hapimwi kwa yaliyojulikana mwaka 2022. Mwenye mtungi mmoja wa oksijeni na wagonjwa watatu akimpa yule mwenye matumaini zaidi ya kupona, kwa utaratibu unaoeleweka na bila upendeleo, hajawaua wale wawili. Na muuguzi asiye na kinga yoyote halazimiki kujitupa kwenye maangamizi, kwa kuwa nafsi yake nayo ina haki.

Kisichobadilika ni uaminifu. Dharura haimruhusu mtu kuuza mtungi wa serikali kwa mwenye fedha. Haimruhusu kuondoka zamu bila kumwambia yeyote. Haimruhusu kumtukana mgonjwa, kuandika daftarini kwamba amempima hali hajampima, wala kumficha ukweli unaoweza kumwokoa kwa kwenda kwingine. Kusema kweli hakuhitaji glavu wala oksijeni. Ndiyo maana anayeacha kusema kweli hana udhuru hata siku ya tauni.

Mtawala naye yumo

Imesimuliwa katika vitabu vya fiqhi kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimwita mwanamke mmoja kwa ajili ya shauri. Mwanamke yule alikuwa mjamzito, akapatwa na hofu njiani, akazaa mtoto ambaye hakuishi. Umar aliwauliza sahaba. Baadhi yao walisema yeye ni kiongozi anayetengeneza adabu za watu, hadaiwi kitu. Sayyidna Ali (r.a.) akasema hapana, dia ya mtoto huyo iko juu yako, kwa sababu ni wewe uliyemtia hofu. Umar akaikubali kauli ya Ali.

Amirul-muuminina hakumpiga mwanamke yule wala hakumgusa. Alituma mjumbe tu. Lakini amri ilitoka kwake, madhara yakafuata, na cheo chake hakikumkinga. Sasa kumbuka mwisho wa Machi 2020, magari ya umma yalipositishwa Uganda na siku chache baadaye ya binafsi pia. Mgonjwa aliyetaka kusafirishwa kwa gari alihitaji kibali cha mwakilishi wa rais wa wilaya, na Aprili wajawazito waliondolewa sharti hilo baada ya malalamiko mengi. Amri ile ilikuwa na lengo jema la kuzuia maradhi. Swali la Ali (r.a.) bado liko pale pale: aliyedhurika kwa amri njema analipwa na nani?

Mahakama za pande mbili za mpaka

Sisi wa Busia tunaishi mguu mmoja Uganda, mguu mwingine Kenya, kwa hiyo tutazame pande zote mbili. Kesi ninazozitaja hazikutokana na Korona. Zimetokana na akina mama wajawazito, lakini ndizo zilizoweka njia kwa kila mgonjwa.

Kesi ya kwanza ni ya Nakaseke, Uganda. Mwaka 2011 mama mmoja alifikishwa hospitali ya wilaya akiwa katika uchungu uliokwama. Daktari aliyepaswa kuwa zamu hakuwepo kwa saa nyingi, na mama akafariki. Shirika la CEHURD na familia walishitaki serikali ya wilaya. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilisema wilaya, ikiwa mwajiri, inawajibika kwa uzembe wa daktari wake, ikaamuru familia ilipwe shilingi milioni 35. Hapo unaona kuacha kutenda kumehesabiwa kuwa uzembe, na mwajiri kubeba mzigo kama aqila.

Kesi ya pili pia ni ya CEHURD, dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda, iliyofunguliwa 2011 baada ya vifo vya akina mama wawili katika hospitali za serikali. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba iliikataa, ikisema mambo ya bajeti ni ya wanasiasa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliirudisha isikilizwe. Agosti 2020, janga likiwa limepamba moto, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba serikali ilivunja haki za akina mama kwa kushindwa kuweka huduma za msingi za uzazi, ikaagiza fedha za kutosha zitengwe na familia zilipwe fidia. Hukumu hii haikumtafuta muuguzi wa mwisho. Ilimtafuta aliyenyima uzi.

Kesi ya tatu ni ya jirani zetu wa Bungoma, Kenya. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungua sakafuni hospitalini, kisha akatukanwa na kupigwa na wauguzi. Machi 2018 Mahakama Kuu ilisema haki zake na utu wake vimevunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.

Anayeshitaki uzembe katika nchi zote mbili anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba mhudumu alikuwa na wajibu kwake, kwamba aliuvunja kwa kushuka chini ya kiwango cha mhudumu wa kawaida mwenye ujuzi kama wake katika hali kama ile, na kwamba kuvunja huko ndiko kulikoleta madhara. Hayo maneno "katika hali kama ile" ndiyo mlango ambao janga linaingilia mahakamani. Uzembe ukizidi hadi kuwa kutojali uhai wa mtu, unaweza kuingia kwenye jinai. Na mbali na mahakama, kila nchi ina baraza la madaktari na baraza la wauguzi, ambako raia wa kawaida anaweza kupeleka malalamiko.

Jambo moja liandike ukutani: muda. Uganda, kesi ya madhara dhidi ya serikali hufunguliwa ndani ya miaka 2. Kenya, kesi ya namna hiyo dhidi ya serikali ni ndani ya miezi 12. Madai ya haki za kikatiba yana njia yake nyingine, lakini usitegemee hilo ukalala.

Haki ya mhudumu mwenyewe

Hatuwezi kufunga somo bila kumtetea mhudumu. Desemba 2000, Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, alifariki kwa Ebola baada ya kuongoza mapambano dhidi ya mlipuko ule, na wauguzi wenzake kadhaa walitangulia. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa Mubende Septemba 2022, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 kati yao wakafa. Watu hawa walimgusa mgonjwa wakijua gharama yake.

Ndiyo sababu hazina ya umma imetajwa na wanazuoni wetu. Mzigo wa makosa ya siku za tauni ukimwangukia muuguzi peke yake, kesho hakuna atakayekubali zamu. Dunia ya leo nayo imeelekea huko. Februari 2021, mpango wa COVAX ulitangaza mfuko wa fidia kwa watu wa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati watakaopata madhara makubwa na nadra kutokana na chanjo zilizogawiwa na mpango huo, bila kulazimika kuthibitisha kosa la mtu. Fikra yake haiko mbali na aqila: madhara yapo, haki ipo, na mzigo unabebwa na wengi.

Narudi kwa bibi

Mwaka jana nilikutana na muuguzi yule sokoni. Nilimsalimia, nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, siku ile nilikuwa na jozi moja ya glavu. Ndani nilikuwa na mama anajifungua. Vifaa tulikuwa tumeviomba tangu mwezi uliopita."

Nikamuuliza: "Mbona hukuwaambia hivyo, mama?"

Akajibu: "Niliona aibu. Na niliogopa wangepiga kelele."

Nimelipima jambo hili kwa mizani ya somo letu. Kuhusu glavu, nionavyo hana dhambi wala dhamana. Alikuwa na nafsi mbili ndani na moja nje, akachagua, na uchaguzi wake una hoja. Lakini kuwapa vidonge vya malaria bila kupima na bila kusema "sijampima" ni upungufu ambao dharura haikuulazimisha. Kaka zangu wangejua ukweli, pengine wangeomba gari la mwenye duka, au wangepita kwa mtumbwi. Pengine angekufa vile vile. Hatujui, na hapo ndipo kuthibitisha sababu mahakamani kunapokuwa kugumu. Na aliyeletewa ombi la vifaa akalikalia mwezi mzima, huyo kwangu ndiye aliyeshika uzi.

Ramadhani iliyopita nilimweleza bibi haya yote baada ya futari. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kwa hiyo tulikuwa na haki?"

Nikamwambia: "Ndiyo, bibi. Angalau ya kusikilizwa."

"Na sasa?"

Ilinibidi nimwambie kwamba miaka miwili ya kushitaki serikali ilikwisha Juni 2023, sisi tukiwa tumekaa kimya tukisema ajali imefika. Bibi akasema amemsamehe muuguzi. Huyo aliyekalia vifaa, akasema, watakutana mbele ya Allah. Haki ya kusamehe ni yake, na Qur'ani imemsifu anayesamehe. Lakini ningependa kila bibi asamehe akijua haki yake, wala si kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba anayo.

Wasia kwa wasomaji

Kwa ndugu zetu wanaosoma udaktari, uuguzi na ukunga: andikeni kila mnachokiomba na tarehe yake, na kila mnachokosa. Daftari hilo ni ushahidi wenu duniani. Mkishindwa kumhudumia mtu, mwambieni kweli, na mpeni barua ya rufaa.

Kwa wanaosoma sheria: kijijini kwenu kuna bibi kama wangu. Mwelezeni muda wa kesi kabla haujaisha.

Kwa maimamu na walimu wetu: tunapowafariji wafiwa kwa qadar, tuwape pia mlango wa kuuliza.

Maswali ya kujadili katika darsa:

1. Katika hali tano za Ibn al-Qayyim, mwanafunzi wa udaktari aliyepelekwa wodini kwa sababu madaktari wameugua anaingia katika hali gani?
2. Je, mfuko wa fidia wa serikali unaweza kuchukua nafasi ya aqila kwa mtu wa leo aliye mbali na ukoo wake?
3. Muuguzi aliyekataa zamu kwa sababu hakupewa kinga yoyote ana udhuru wa kisharia? Na mgonjwa aliyekosa huduma kwa sababu hiyo amdai nani?

Allah awarehemu wote waliofariki katika maradhi yale, wagonjwa na wahudumu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Wallahu a'lam.